Kiti Kilichotaka Jasho Langu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepanda baiskeli ya umeme, naenda Muheza. Mjukuu wangu Mwanaidi amejifungua, maziwa hayajashuka, mtoto analia. Nampelekea uji wa pilipili manga. Chupa nimeifunga nyuma kwa kanga.

Njiani nasimamishwa na kiti cha ofisini, kile cha kuzunguka chenye magurudumu. Kimevaa kofia ya askari.

"Bibi, umekanyaga pedali?"

"Pale mlimani, kidogo."

"Sheria inataka nusu ya safari iwe ya jasho. Nusu ya pili ndiyo ya betri." Kikanipa kikombe. "Jaza, la sivyo baiskeli inabaki hapa."

Nikajifuta uso kwa ncha ya kanga, nikaikamua. Tone moja. Kiti kikachungulia.

"Hilo si jasho, ni mafuta ya nazi," ikasema baiskeli.

"Nyamaza. Nani alikuchaji?" Nikakigeukia kiti. "Na wewe bwana, umewahi kukanyaga nini? Magurudumu yote hayo, na dukani hufiki mpaka usukumwe."

"Sheria ilitungwa juu yangu," kikasema, kikajizungusha kwa fahari. "Walinikalia asubuhi mpaka jioni."

Nikaona huyu dawa yake ni moja tu.

"Kitendawili."

Hakiwezi kukataa, kimelelewa huku huku. "Tega."

"Kutwa yuko kivulini, hafanyi kazi, na jasho linamtoka."

Kikazunguka, kikazunguka. "Mkubwa wangu?"

"Huyo ana feni. Nipe mji."

Kwetu ukishindwa kitendawili unatoa mji, hata uwe nani.

"Chukua Lushoto."

Hapo hapo tuko Lushoto. Baridi kali, uji unapoa.

"Siutaki."

"Chukua Pangani."

Maji yananifika magotini. Chupa nimeiweka kichwani.

"Siutaki. Nipe Muheza."

"Muheza utafika bila jasho, bibi. Sheria itavunjika."

"Mtoto analia njaa, wewe unashika kikombe kupima jasho la kikongwe. Ivunjike. Nipe mji wangu."

Kikanuna, kofia ikaanguka. "Haya, chukua Muheza."

Niko mlangoni kwa Mwanaidi. Nikakiambia, "Jibu ni mtungi wa maji. Sasa nenda kaudai nao jasho."

Nikaamka. Simu inaita, ni Mwanaidi.

"Shikamoo bibi. Maziwa yameshuka, mtoto amelala. Ila uji, pilipili umezidisha."

Nikatazama rafuni. Chupa haipo.