Shavu Lenye Baridi

Tangu mjukuu wake wa kike arudi kutoka hospitali, bibi haingii chumba kile bila kubisha hodi, ingawa nyumba ni yake. Alimwogopa aliyelala mle.

Mjukuu alikuwa fundi rangi. Jukwaa lilicheza chini ya miguu yake akipaka ukuta wa ghorofa, akaanguka kifudifudi. Mfupa wa shavu ulivunjika, madaktari wakampasua wakauunga kwa vyuma vidogo. Alikwenda na uso mwembamba kama wa panzi, akarudi umejaa, umeviringana, jicho moja limefumba. Uso wa mama yake kabisa. Na mama yake, binti wa pekee wa bibi, yuko kaburini tangu huyu hajaota meno.

Nesi alikuwa ameagiza vizuri. "Barafu uifunge kwenye kitambaa, bibi. Umwekee kidogo, uitoe ngozi ipumzike, umwekee tena. Isimguse yenyewe, maana shavu limekufa ganzi, itamuunguza bila yeye kujua. Siku hizi za mwanzo ndizo zenyewe."

Bibi aliitikia. Barafu aliitoa, kitambaa alikikunja. Lakini kila mara, kabla ya kuingia, alisimama ukumbini akakikumbatia kifurushi kile kwa viganja, akakipulizia pumzi, mpaka kikawa vuguvugu na maji yakamchuruzika hadi viwikoni. Ndipo akaingia. Shavu la mwisho la baridi alilolishika lilikuwa la binti yake, siku ya kumwosha. Leo shavu lile limerudi, lina joto, linapumua. Alipoze kwa mkono wake mwenyewe? Si atakuwa anamzika mara ya pili?

Mjukuu hali, halali, anaguna tu.

"Mke mwenzangu," alisema mchana mmoja, maneno yakipenya kwa taabu kwenye midomo iliyovimba, "hii barafu umeichemsha?"

"Nyamaza, utafumua mshono."

"Mwenzio nakufa kwa maumivu, we waniletea kitambaa cha kufutia meza."

"Mfupa umevunjika, ulimi mzima!"

Mjukuu hakucheka. Alijaribu kulifumbua lile jicho, likakataa. Chozi likajipenyeza pale lilipofumba. "Bibi, kweli. Hutaki nipone?"

Bibi alikichukua kile kitambaa vuguvugu. Jana yake alikuwa amekaa kitako akiutazama uso ule, akauita kwa jina la mama yake, taratibu, kama mtu anayejaribu mlango. Uso ukaguna. Naye akafurahi, Mungu amsamehe, akafurahi.

Aliinuka akaenda kwenye friji. Akafunga barafu mpya, akaibeba kwa ncha za vidole isipate joto lake, akaiweka shavuni. Mjukuu akashusha pumzi ndefu. Baada ya muda bibi akaitoa na kuigusa ngozi, kama alivyoagizwa. Baridi. Baridi ile ile.

"Sema!" alimwambia.

"Niseme nini?"

"Lolote! Usininyamazie!"

Basi mjukuu akamsema msimamizi wake, bahili yule, anayezimua rangi kwa maji hadi ukuta unaonekana kama umelambwa na paka. Akamsema na mke wa msimamizi. Akawasema hata waliomwokota alipoanguka. Shavu baridi, mdomo moto, na bibi akipoza na kupumzisha, akipoza na kupumzisha.

Uvimbe ukaanza kushuka. Kila asubuhi yule mwingine, binti yake, alikuwa amepungua: leo kidevu, kesho pembe ya mdomo. Bibi alimsindikiza hivyo, kipande kwa kipande, na hakumwambia mtu.

Asubuhi moja jicho likafumbuka, jekundu, kali, la fundi rangi.

"Mbona waniangalia kama mgeni?"

"Kulikuwa na mtu hapa," bibi alisema. "Ndiyo kwanza ametoka."

Mjukuu akageuka kutazama mlangoni. Bibi alikuwa akiutazama mto, pale uso ule ulipokuwa umelala.