Hirizi Ndani ya Kabureta

Kosa ni langu: mimi ndiye niliyeifunga hirizi ya hekaluni karibu na tundu la hewa la injini. Zilikuwa mbio za kwanza za kigari chetu cha milango miwili, pale kwenye uwanja wa Suzuka, Japani, na kiwanda kilishasema kigari kisipomaliza mbio, timu inavunjwa. Wiki nzima tulikuwa tukisinzia juu ya matairi.

Mbio zikikaribia kwisha, gari likakohoa, likazima. Dereva wetu, Kuwabara, akalisukuma mpaka kwetu. Nikafungua kabureta, nikavuta kitambaa chekundu: hirizi yangu, imefyonzwa ndani.

“Fundi Hatano,” akasema akihema, “mungu wako naye kataka lifti?”

Tukacheka kichovu. Mbio zilikuwa zimeshakwisha, na bosi wa timu alikuwa ameshaanza kukunja turubai la kibanda chetu. Nikamwinamia kuomba radhi, nikipinda kutoka kiunoni.

“Bosi, nifukuzeni mimi, timu iacheni.”