Ndoo ya Mashati

Nilikwenda kuuharibu mchezo ule. Nasema mapema ili mtu asinidhanie mema.

Aliyenialika ni Cherehani, binti wa marehemu kaka yangu. Jina hilo nilimpa mwenyewe alipoanza kusema, maana akishashika kasi hakuna wa kumkatiza. Alikuja dukani kwangu, mahali ninapofulia na kupiga pasi nguo za watu, akasimama kati ya makoti yaliyotundikwa, akazungusha maneno weee, mwisho akatema: kuna jioni ya michezo mifupi ya kuigiza, yeye anaigiza katika mmojawapo, na huo umeandikwa na mama yake.

"Unahusu nini?" nikamuuliza.

"Mambo ya familia, shangazi."

"Familia ipi?"

Akaanza kuchezea hanga. "Njoo tu uone. Ila usianze vurugu. Mkianza, wewe na mama, mimi nawakimbia wote wawili. Sitanii."

Mama yake ni wifi yangu. Au alikuwa, hapo ndipo ugomvi ulipo. Siku chache baada ya kumzika kaka nilimwendea na mfuko mtupu nikamwomba shati moja tu la kaka, lolote, mradi liwe halijafuliwa. Nafua tangu usichana wangu, najua sabuni inaondoa nini. Alinifungulia mlango nusu, akaniacha hapo hapo kizingitini, akazoa mashati yote akayatosa kwenye ndoo ya maji ya sabuni huku ananitazama usoni. Kisha akasema, "Aliyekufanya wifi yangu tumemzika. Sasa mimi na wewe ni watu baki." Akafunga mlango. Tangu hapo tukikutana njiani mmoja wetu anavuka barabara, na sijawahi kuwa mimi.

Kwa hiyo nilikwenda. Nilivaa gauni langu la heshima, nikayapanga maneno yangu kichwani. Nilijua mwishoni watazamaji huruhusiwa kuuliza maswali, na mimi nilikuwa na swali lililonikaa kooni.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la samani zamani. Viti vya plastiki, taa mbili, na pazia la mashuka yaliyoungwa katikati. Aliyeyapiga pasi mashuka yale alikuwa na ugomvi nayo. Wifi alikaa safu ya mbele, shingo imesimama kama kawaida yake ya kiualimu. Nikachagua kiti cha nyuma, kando ya bwana mmoja aliyekuwa akila karanga.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa mume na mke wanaobishana nani aondoke kitandani akazime taa. Basi, ni hilo tu. Wanakumbushana nani alizima jana, nani alizima wakati wa mimba, nani hajawahi kuzima kitu chochote maishani mwake, mpaka unaelewa kwamba kesho wanaachana na hakuna anayetaka giza liingie. Wa pili ulikuwa wa baba na binti wanaosubiri simu ya mtu ambaye hawamtaji. Mifupi kweli, hata nafasi ya kujikuna huipati. Inaanza watu wameshakasirika tayari, kama majirani wanaogombana ukuta wa pili: hukusikia chanzo, lakini unajua nani mwongo. Niliipenda. Nilichukia kuipenda, maana nilikuwa nimekuja na hasira yangu nimeikunja vizuri, na michezo ile ilikuwa ikinikunjua.

Kisha pazia likafunguka kwa wa tatu, akaingia Cherehani na ndoo.

Ndoo, mashati, sabuni. Nilishika kiti. Cherehani mkono mmoja ameuweka kiunoni, mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Huo ni mwendo wangu. Ukoo wetu wote tunatembea hivyo, lakini watu wa mtaani kwetu wanausema kuwa wangu. Hodi ikapigwa, akaja mwanamke mwingine na mfuko.

"Wifi."

"Unataka nini, wifi?"

"Shati moja tu la marehemu, wifi."

Bwana wa karanga akaniinamia. "Yupi hapo mke wa marehemu, yupi dada?"

"Utajuaje?" nikamjibu. "Wote wanaitana wifi."

"Huyu mwenye ndoo ndiye dada mtu," akasema, kwa uhakika wa mtu aliyeoa. "Dada wa mume ndivyo walivyo."

Damu ikanipanda. Nikaelewa ujanja wote. Amenitwika ndoo yake. Amechukua ubaya wake mwenyewe, akauvika mwendo wangu, akauweka jukwaani, na kwa kuwa neno wifi halisemi nani ni nani, hakuna mtu katika ukumbi ule wa kumsuta. Cherehani aliyatosa mashati moja moja, akisema yale maneno ya watu baki, na ukumbi mzima ukafyonya. Walikuwa wananifyonya mimi. Nikaokota mkoba, nikaanza kuinuka.

Mlango wa jukwaani ukafungwa. Mwenye mfuko akaenda zake. Mwenye ndoo akabaki peke yake, akaitazama mikono yake iliyolowa. Akaifuta kwenye gauni, mbele na nyuma, kidole kwa kidole, mpaka ikakauka kabisa. Ndipo akainua godoro lililokuwa pembeni ya jukwaa, akatoa shati. Kavu, lenye makunyanzi, kola ina weusi wa shingo. Akafukia uso ndani yake.

"Nisamehe, mume wangu," akasema. "Lilikuwa moja tu."

Taa zikazimwa.

Mume wangu. Basi ndoo ilikuwa ya mwenyewe. Hakunisingizia hata herufi moja; ule mwendo Cherehani amezaliwa nao. Hata mfuko wangu alikuwa ameuweka. Wenzangu walipiga makofi, wengine wakapenga kamasi, na mtu mwema angelainika. Mimi sikulainika. Kichwani mwangu lilikuwa likizunguka neno moja: lilikuwepo.

Kijana mwenye miwani akamwita mwandishi jukwaani, akakaribisha maswali. Nilisimama kabla hajamaliza.

"Lile shati. Lilikuwepo kweli?"

Wifi aliijua sauti kabla ya kuniona. "Huu ni mchezo wa kuigiza," akasema.

"Sikukuuliza mchezo. Nimekuuliza shati."

"Mama, labda tuwape nafasi na wengine—" kijana akaanza.

"Wewe kaa," nikamwambia.

Akakaa. Wifi akanitazama kwa yale macho yake makavu. "Lilikuwepo."

"Siku ile ile? Mimi nimesimama mlangoni kama mkusanya taka?"

"Chini ya godoro."

"Ukanitazama usoni."

"Nikakutazama. Ulitaka nifanyeje? Ulikuja kama aliyeacha mzigo wake kwangu. Hukuniuliza hata nimelalaje. Nyinyi mlipeana mabega ya kulilia, mimi mkanipa kazi ya kupokea wageni."

"Nilikuwa namlilia kaka yangu."

"Na mimi nilikuwa namlilia nani, fundi bomba?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Walidhani ni mchezo wa nne. Bwana wa karanga alimwambia mtu wa nyuma yake kwamba hawa wawili ndio wazuri kuliko wote. Sikucheka, na wifi hakucheka. Cherehani alikuwa ameiokota ndoo yake, anaelekea mlango wa nyuma. Alisema angetukimbia, na yule mtoto hajui kutania. Sikuwa na damu nyingine ya kaka duniani.

Lakini hasira nayo haizimwi kama taa. "Hilo hapo ndilo?" nikauliza.

"Hilo la mtumba. Unadhani ningelileta lile lishikwe shikwe na watu?"

"Lenyewe liko wapi?"

Hapo ndipo aliposhusha sauti, mara ya kwanza tangu nimjue. "Kitandani. Nimelilalia tangu siku ile. Halina tena harufu yake. Linanuka mimi."

Hakuna aliyecheka. Maneno niliyokuja nayo yalikuwepo bado, makali, yamepangwa vizuri, na lolote kati ya hayo lingemwangusha pale pale mbele ya watu. Nilimtazama akisubiri nilitoe. Cherehani alikuwa ameshashika kitasa.

"Kesho utaniletea dukani," nikasema.

"Nimekwambia halina—"

"Nimesikia. Sina shida ya kusikia. Utalilalia wiki, nitalilalia wiki. Lilete hivyo hivyo lilivyo, na usithubutu kulifua, wifi."

Wakapiga makofi, wajinga wale. Kule nyuma ya jukwaa Cherehani akaachia kitasa, akaitua ndoo chini.