Mke Mwenza wa Gerejini

…maana basi ni basi na bado ni bado, hayo hayapikwi chungu kimoja, moja linasema haya piga na lingine linasema usithubutu, na huyu mwanamume kwenye kigoda chake kasema "ba…" halafu kakwama, mdomo umebaki wazi upande ule mzima, mkono wa kushoto uko hewani kama wa askari anayezuia magari, na yeye mkewe mguu wake uko juu ya kiki tayari, goti limekunjwa, mikono imeshika usukani, mwili wote umejiandaa kuuangukia ule mguu kama gunia la viazi, na moyo, ee, moyo huu nao, unadunda utadhani bado anachumbiwa, mwanamke mwenye wajukuu, ovaroli la mume ndilo lililomvaa yeye, viatu vya mume vimejazwa soksi ili visichomoke, grisi mpaka kwenye kitambaa cha kichwa, anahema kama bi harusi nyuma ya pazia, na kwa ajili ya nini, kwa ajili ya pikipiki, yeye, yeye aliyeiita mke mwenza miaka yote hiyo… "Chai yako hii, na mwenzangu naye anywe nini, oili?" ndivyo alivyokuwa akisema kila Jumamosi akiusukuma mlango wa gereji kwa nyonga, kikombe mkononi, na mume anacheka kwa pua bila kuinua kichwa, kwani huyu hakuwa mtu wa maneno hata alipokuwa na maneno yake yote, mtunza ghala, kutwa anashinda na maboksi yasiyojibu, jioni anarudi na sentensi moja mfukoni na hiyo hiyo anaitumia kwa ubahili, siku alipoileta pikipiki yenyewe juu ya mkokoteni, haina gurudumu la mbele, tangi limeliwa na kutu, kiti kimetafunwa na panya, alisema "nitaitengeneza," akanawa mikono, akala, akalala, hotuba imekwisha, na yaliyobaki akayasema mke, akayasema mpaka usingizi ukamchukua katikati ya neno, maana yeye alikuwa opareta wa simu wa hospitali, kazi yake kuunganisha watu, wodi ya wazazi subiri, maabara subiri, na kabla mpigaji hajamaliza kusema anamtaka nani yeye keshajua na keshamwunganisha, kipaji hicho, Cherehani, ndilo jina alilopewa na mumewe, kwa sababu mdomo wake ukianza kushona hausimami mpaka kitambaa kiishe.

"Mama! Chai inapoa huku!" Huyo ni binti yao, yuko jikoni, mfamasia mzima na likizo kachukua, tangu asubuhi anafunga vyombo kwenye maboksi, kila dakika unasikia utepe wa gundi unalia kraaa, "Nakuja, mwanangu!" na wala haendi, ataendaje, aache mguu kwenye kiki aende kunywa chai, chai imekuwepo tangu dunia iumbwe lakini hii, hii haijawahi kunguruma, hakuna mtu katika nyumba hii aliyewahi kuisikia sauti yake, hata mume mwenyewe hajaisikia, Jumamosi zote zile anafungua anafunga, anafungua anafunga, halafu asubuhi moja kainama kunawa uso, mswaki ukamdondoka, akauangalia mkono wake wa kulia kama mkono wa jirani, kisha akateleza polepole ukutani, na alipotaka kusema ikatoka pumzi tupu. Kiharusi. Usifikirie hayo sasa, fikiria kiki, mguu uteremke wote mpaka chini, ukiishia njiani kiki inarudi, na kiki ikirudi inavunja kifundo, ndiyo maana basi na bado si mchezo, "ba…" anasema tena, mate yanamkusanyika, anayameza, na ulimi wa mke umeshafika kwenye meno, umeshashika ile b, unataka kumsaidia, basi eeh? sema basi, mume wangu… nyamaza. Nyamaza, Cherehani. "Mama, usimmalizie," alisema yule mwalimu wa matamshi, binti mpole mwenye mkoba mkubwa, "neno analo, liko njiani, ukimmalizia analiachia njiani na kesho hataki hata kulifuata," na yeye akaitikia sawa mwalimu, nimekuelewa mwalimu, na kabla mgeni hajaufunga mkoba wake mume kasema "ma…" na yeye keshafika na glasi, "maji, anataka maji," na mzee wa watu akanywa, atafanyaje, akanywa maji huku anaangalia mlango, baadaye sana ndipo ilipojulikana kwamba alikuwa anataka kumwambia mgeni kwaheri kwa heshima, "mwalimu" ndilo neno, alikuwa anamwita mwalimu wake.

Naye Cherehani akacheka wakati ule. Mbona alicheka?

Lakini gereji, gereji ilikuwa habari nyingine, gereji hakuijua lugha yake, huku hakuwa na cha kumalizia, ndiyo siri yenyewe, siku ya kwanza aliingia kuifagia tu, atoe vyuma, auite mkokoteni wa vyuma chakavu uondoke na mke mwenza na ukoo wake wote, akamleta mgonjwa na kigoda chake kwa sababu huwezi kumwacha peke yake, akaanza kutupa, tupa hiki tupa kile, akashika kitu kizito chenye matundu matundu kama mfupa wa supu, akakipeleka kwenye lundo, na nyuma yake sauti ikasema "Kumi!" Akageuka. Miezi hakuna neno lililokamilika, halafu kumi, akadhani anahesabu, akadhani kichwa nacho kimeondoka, mpaka alipouona mkono wa kushoto unaonyesha ukutani, spana namba kumi, imening'inia mahali pake kati ya wenzake, na akampa, na mkono ukashindwa, spana ikaanguka ikalia kwenye sakafu, wakaangaliana, na yeye, bila kujua kwa nini, akaiokota na kuifungua boliti ya kile kitu mwenyewe. Ndivyo alivyoingia kwenye ndoa ya watu! Kile kitu cha matundu kilikuwa kabureta, akakisafisha kwa mswaki, akalala anawaza vijitundu vyake, akakata gasketi kwa mkasi wa kushonea kutoka kwenye boksi la sabuni, akalipiga msasa tangi mpaka kutu ikamwingia puani akawa anapiga chafya za rangi ya matofali, akampigia simu binti yake, "Mwanangu, nimefungua kabureta!" na binti kule akasema, "Mama, umekula lakini?" Na jana, jana ndiyo jana, plagi mpya imelazwa juu ya injini, waya umeshikwa, yeye anaikandamiza kiki kwa mkono huku ameinama karibu kabisa, na cheche, jamani cheche, ya buluu, ndogo kama jicho la mjusi, tik, akapiga ukelele uliomleta jirani na ufagio mkononi na pole zake mdomoni, akijua mzee ndiyo basi tena, akakuta mzee anacheka kwa pua na mke anacheza na mtu asiyeonekana.

"Mama, haya masufuria yote tunakwenda nayo au mengine nigawe?" Nayo au… masufuria. Ndiyo, wanahama, kesho gari la mizigo linakuja, kwa binti ni kuzuri, chumba cha chini kisicho na ngazi, vigae, choo cha karibu, na dawa hazitakosekana, nani atakataa mambo hayo, na gereji hakuna, pikipiki itachukuliwa na yeyote atakayeitaka, ndiyo maana leo, ndiyo maana lazima ilie leo, hata mara moja, iseme tu kwamba ilikuwa pikipiki… "Nakuja!" hebu kwanza, koki ya mafuta iko wazi, ameifungua mwenyewe, gia iko huru, gurudumu linazunguka, harufu ya petroli imemkaa kooni tamu tamu, kila kitu kiko tayari isipokuwa hili neno, na mume bado anahangaika nalo, shingo imetoa mishipa, "ba… ba…" au ni breki, si breki, au betri, au bisibisi, anayapanga kichwani kama laini za simu, achomeke wapi, na mara kutoka nyuma ya hiyo "ba" akasikia "ha."

Ha. Ilikuwa mezani, wiki hii hii, binti kamshika baba yake mkono ule usiohisi, kamwuliza kwa upendo wote, "Baba, utakuja kukaa kwetu?" na baba akavuta pumzi, akasema "ha…" na yeye, Cherehani, opareta, kijiko cha sukari mkononi, "haya! Kasema haya, si mmesikia?" na binti akalia kwa furaha, wakakumbatiana, na gari la mizigo likatafutwa jioni ileile. Ha… haya. Na hapana je? Hapana haianzi na ha? Hata mtoto wa chekechea anajua. Anauona uso wake wa siku ile, hakuuangalia wakati ule lakini sasa anauona, sijui ulikuwa umehifadhiwa wapi, midomo iliyokuwa bado imefunguka, bado iko kazini, halafu ikafunga taratibu kama duka, akashika kikombe, akanywa. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo, lakini huyu alikuwepo, kakaa palepale kati yao, na lake halikuwepo. Na huenda ni haya kweli! Huenda. Hajui. Maisha yote anadhani anajua, anamjua kama anavyojua njia ya jikoni gizani, na kumbe njia nzima amekuwa akitembea peke yake na kuongea kwa sauti mbili… basi na ulimi wake sasa umekaa, umerudi nyuma ya meno wenyewe bila kufukuzwa, na mguu uko kwenye kiki, na kifundo kimeanza kufa ganzi, na pua inawasha, na haikuni, anamwangalia tu mumewe mdomoni, namna mtu anavyoangalia plagi akingoja cheche, hii furaha ni furaha gani, inapanda kama maziwa motoni, neno liko njiani, linakuja, liache lije kwa miguu yake. "Be…" Wala si ba! Irabu zake siku hizi zinaingiliana, ilikuwa be tangu mwanzo, tazama sasa, na basi na bado yote maji, "be… ga." Akapumua. "Bega."

Bega! Nani angeliotea? Asingeliotea hata angepewa mpaka mvua zijazo, na ameshauelewa, ule mkono wa hewani haukuwa unazuia kitu, ulikuwa unaomba, anataka kusimama, pikipiki yake hataisikiliza akiwa ameketi, anataka bega lake, naye akashusha mguu, akasogea, akainama, "Shika, mzee wangu," na vidole vikamkamata begani kama koleo, wakahesabu kwa macho, hop, kigoda kikaanguka nyuma, na mtu mzima akasimama ndani ya gereji yake, uzito wake wote umemshukia yeye upande mmoja, anatikisika, anatetemeka, hajui nani kati yao anatetemeka, na hatua ndogo, na nyingine, mpaka wakawa ubavuni mwa mke mwenza wote wawili, na taratibu, bila kumwangusha mtu, akaurudisha mguu kwenye kiki.

"Mama, nimekuita mpaka… Baba amesimama?" Binti yuko mlangoni, utepe wa gundi umemvaa mkononi kama bangili. "Mama, ataanguka!" "Haanguki, nimeshikwa mimi. Njoo simama hapa, mwanangu, kuna kitu tulikosea." "Kitu gani tena?" Na yeye akamgeukia mumewe, uso kwa uso, karibu hivi hajauona uso huu siku nyingi, ndevu za upande mmoja zimenyolewa vibaya, ni yeye aliyezinyoa, "Mzee wangu, lile swali la mezani, mimi ndiye niliyelijibu. Sasa nakuuliza wewe. Tuhame, au tubaki?" Macho ya mume yakapanuka, mkono ukambana bega zaidi, kifua kikajaa, midomo ikaanza kutafuta mahali pa kukutania, na binti naye, damu si maji, keshafungua mdomo, "Mama, anasema…" "Ssh! Hajasema," kidole juu, "mwache," na binti akafunga mdomo, tone la petroli likasikika mahali fulani ndani ya kabureta, na midomo ile inakwenda, inarudi, inajaribu, na yeye anaiangalia, haya au hapana au neno la tatu ambalo hakuna aliyeliwaza, hajui, tangu aolewe na mwanamume huyu ni leo tu hajui kabisa atasema nini, na kutojua huko kunampandisha moto mashavuni, anataka kucheka, anataka kupiga ukelele wa jana, na hafanyi hata kimoja, mguu uko kwenye kiki, bega liko chini ya mkono, anangoja.