Mabiringanya ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu hali biringanya. Hilo halina mjadala. Tangu alipokuwa mtoto wa kukalishwa juu ya mto ili afikie meza, biringanya likiingia kwenye sahani yake alilisogeza kwa kijiko mpaka ukingoni, upande wangu, nami nikalichukua na kulitia kwangu kabla mama hajageuka. Hatukuwahi kuzungumza habari hiyo. Yeye alisogeza, mimi nilichukua. Mama alipofariki, nikabaki mimi wa kumpikia, na ningeweza kuacha kabisa kupika biringanya, lakini sikuacha. Nilipika, akasogeza, nikachukua, na mambo yakaenda hivyo mpaka akaota ndevu.

Basi nifikirieni nilivyokuwa siku ile mezani kwa mke wake, nilipomwona anatia kipande cha biringanya mdomoni, anatafuna, anameza, halafu ananyoosha mkono kuongeza.

Wifi yangu anafanya kazi mapokezi hotelini. Mpishi wao mkuu alimfundisha chakula kimoja cha Kifaransa cha msimu wa joto, mboga tupu za kuoka, kinaitwa tiani. Alikitoa jikoni kwa mikono miwili, amevaa glovu za maua, uso unang'aa. Ndani ya bakuli la udongo kulikuwa na vipande vya mviringo, nyanya, biringanya, zukini, nyanya, biringanya, zukini, vimelaliana kama marinda ya sketi. Chini alikuwa ametandika vitunguu vilivyokaangwa taratibu mpaka vikalegea, na juu amenyunyiza mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na majani ya kunukia. Nilitafuta kasoro. Kazi yangu ni ushonaji, kutafuta kasoro ndiko kunakonilisha. Sikuiona, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Mbona unakula biringanya?" nikamuuliza mdogo wangu.

"La wifi yako tamu, dada," akajibu, mdomo umejaa.

La wifi yangu tamu! Na yale ya kwangu ya miaka yote yalikuwa nini, mwarobaini?

Halafu akanimaliza kabisa. Alifuta mdomo, akamtazama mkewe, akanitazama mimi. "Dada, tumeona kuanzia sasa Jumapili tuwe tunakula hapa kwetu. Wewe nawe upumzike."

Upumzike. Nani alimwambia nimechoka? Jumapili ndiyo siku yangu. Tangu ajitegemee, apate kazi yake ya kutengeneza majokofu, apange chumba, aoe, Jumapili mchana alikuwa anakuja kula kwangu, peke yake, kwa kuwa mkewe mpaka majuzi alikuwa na zamu ya Jumapili. Siku nyingine zote za wiki ni za watu, hiyo ilikuwa yangu, na sasa ilikuwa inachukuliwa mbele ya macho yangu juu ya sahani ya mboga. Nilitabasamu. Mashavu yaliniuma kwa kutabasamu.

Njiani kurudi nyumbani mume wangu alitembea kimya, na angebaki hivyo angekuwa amefanya la maana.

"Lakini chakula kilikuwa kitamu," akasema.

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," nikamjibu.

"Mimi kidonda sikukiona. Niliona nyanya."

Usiku huo alijipakulia mwenyewe.

Sitazunguka maneno: ulikuwa wivu. Wateja walikuja kibandani wakaniuliza ninaumwa nini, nikasema jino. Nilikaa kwenye cherehani nikishona sare za wanakwaya, na kila mzunguko wa gurudumu ulikuwa unaniambia jambo lile lile: amekula. Kwa mwanamke aliyemjua juzi, amekula. Nilikosea kola mbili, nikafumua, nikakosea tena. Hapo nikaona kuwa nikiendelea hivi nitawavisha wanakwaya magunia, na kwamba dawa ya moto ni moto. Chakula chenyewe nilikiona. Mimi gauni likinipita barabarani nikaliona mbele na nyuma, jioni nimeshalikata. Itanishinda mboga?

Ndiyo, najua. Jirani yangu fundi mwenzangu aliwahi kuiga mshono wangu wa mikono ya puto, tukanuniana mpaka mvua zikaja zikaisha. Mkuki kwa nguruwe.

Nikampigia simu mdogo wangu. "Jumapili hii mnakula kwangu."

"Dada, mwenzangu ameshanunua mboga."

"Aziweke kwenye jokofu. Si ameolewa na fundi wa majokofu?"

Nikamsikia anashusha pumzi. "Sawa, dada. Lakini usijisumbue."

Usijisumbue! Nilikata simu kabla sijasema la kusema.

Sokoni mabiringanya na nyanya hayana shida. Zukini ndiyo ilinitembeza. Wauzaji walinipa matango, wakaniapia ndiyo hayo hayo, mmoja akaniambia eti tofauti ni jina tu. Nikazipata mwishoni kwa mama mmoja anayeuzia mahoteli, maboga membamba ya kijani yasiyo na maji mengi kama matango. Nilichagua kwa futi yangu ya kupimia nguo. Mama yule alinitazama nikizungusha futi kwenye biringanya, akauliza kama nalishonea suruali. Nikamwambia vipande visipolingana upana havipangiki. Akaniachia nipime.

Kwenye kupika ndipo nilipoumbuka. Jiko langu lina oveni, ndiyo, na hiyo oveni tangu tuinunue imekuwa kabati la masufuria. Nyumba ngapi ninazozijua oveni zake zinalala na vifuniko? Nilitoa masufuria, nikatoa kikaango, nikatoa mbuzi ya nazi tuliyokuwa tunaitafuta kwa muda mrefu, nikawasha ipate moto wakati nakata mboga. Sikuinama kutazama nyuma kabisa. Mara harufu, mara moshi mweusi. Kulikuwa na chujio la plastiki huko nyuma, na sasa lilikuwa linadondoka chini kama uji wa kijani.

Mume wangu alikuja mbio na taulo. Alifungua madirisha yote, akasimama anapepea.

"Hii nayo ni ya Kifaransa?" akauliza.

Nilitaka kulia. Nikacheka, kwa sababu yeye alikuwa ameshaanza kucheka, na tukakwangua ile plastiki kwa kisu, magoti sakafuni, watu wazima wawili. Akaniuliza tukiwa hapo chini, kwa sauti ya kawaida, "Sasa wewe unashindana na mtoto wa watu ili upate nini?"

"Nipate Jumapili yangu," nikasema.

Hakucheka tena. Alichukua ile taka akaenda kuitupa, akarudi, akaanza kumenya kitunguu saumu bila kuambiwa.

Nikakata. Hapo nilikuwa nyumbani kwangu. Niliweka rula ya kukatia pembeni ya ubao, na kila kipande kikatoka unene mmoja. Nikanyunyizia mabiringanya chumvi yatoe maji, nikayafuta kwa kitambaa. Vitunguu nikavikaanga kwa moto mdogo, nikavitandika kwenye sinia la kuokea. Kisha kupanga. Wifi alilaza vipande vyake kwa nafasi, na vilipoiva vilianguka vikaonyesha vitunguu vya chini. Sasa ndipo nilipoiona kasoro niliyoikosa siku ile. Kitambaa cha pamba hurudi kikapungua ukikifua, fundi yeyote analijua hilo, na mboga ni pamba tu iliyojaa maji. Kwa hiyo mimi nilivisimamisha, nikavibana, nikaongeza kipande mahali ambapo jicho lilisema pametosha. Nikafunika, nikaoka, nikafunua mwishoni juu pakauke. Nilipolivuta sinia nje vipande vyote vilikuwa wima, vimeshikana, kingo zimeanza kuwa kahawia. Hata harufu ya plastiki ilikuwa imekubali kuondoka.

Walifika wamependeza. Wifi alikuwa ameleta matunda kwenye mfuko, akanisalimu kwa magoti kidogo kama kawaida yake, nami nikamkumbatia kama kawaida yangu. Nikaweka sinia katikati ya meza.

Akalitazama. "Wifi, hii si tiani?"

"Ndivyo inavyoitwa? Mimi nimechanganya mboga tu."

Mume wangu akapaliwa na maji.

Wifi hakukasirika. Aliinamisha kichwa akachungulia pembeni ya sinia. "Yangu huwa inaanguka. Yako imesimama. Umefanyaje?"

Alikuwa anauliza kweli, anataka kujua, na ningekuwa mtu mwema ningemwambia hapo hapo habari ya pamba. Nikamwambia, "Mkono tu, mwaya." Raha niliyoipata ilishuka mpaka kwenye vidole vya miguu.

Tukapakua. Niliketi mahali pangu, mkono wa kushoto wa mdogo wangu, mkewe upande wa pili, mume wangu mbele yetu. Mdogo wangu alikula nyanya. Akala zukini, akatikisa kichwa kwa utamu. Mume wangu akamuuliza habari za jokofu la mchinjaji lililoharibika, naye akaanza kueleza, kompresa hivi, gesi vile, na huku anaeleza uma wake ukawa unafanya kazi peke yake. Kipande cha biringanya kikasogea. Cha pili kikafuata. Vikapangwa ukingoni mwa sahani, upande wangu.

Hakuwa anatazama. Bado alikuwa kwenye kompresa.

Mkono wangu nao haukuniuliza. Ulikwenda, ukachukua kipande, ukakitia kwangu. Ukarudi, ukachukua cha pili.

"Kwani huli biringanya?"

Ni wifi aliyesema. Alisema polepole, na uma wake ulikuwa umesimama hewani.

Mdogo wangu akatazama sahani yake kama mtu aliyeamshwa. "Nakula," akasema. "Kwetu si nakula?"

"Na hapa?"

"Hapa dada huwa ananichukulia." Akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye. "Kwetu hakuna wa kunichukulia, sasa nifanyeje? Nameza tu."

Ndani yangu nilipiga vigelegele. Sitaki kudanganya, nilipiga, na kwa nguvu. Nameza tu! Kumbe hayakuwa matamu, kumbe alikuwa anateremsha kwa maji. Jumapili yangu ilikuwa imerudi mezani kwa miguu yake yenyewe. Nikainua macho ili nimwone wifi akiwa ameshindwa.

Na uso nilioukuta niliujua. Ulikuwa umetabasamu, mashavu yamekaza. Wiki nzima nilikuwa nimeuvaa mimi ule uso. Macho yake hayakuwa kwa mumewe, yalikuwa kwenye sahani yangu, kwenye vile vipande viwili, na yaliviangalia vile vile nilivyoliangalia mimi bakuli lake la udongo.

"Kila wiki nimekupikia," akamwambia mumewe. "Mara mbili, mara tatu. Ukaniambia tamu."

"Si ulikuwa umefurahi," akasema mdogo wangu. "Ile siku ya kwanza ulikitoa kwenye oveni umefurahi sana. Ningesema nini? Nikala. Ukafurahi zaidi. Basi."

Vigelegele vyangu vikakatika. Kwa maana nilimwelewa, na nadhani nilimwelewa kabla mkewe hajamwelewa. Mama alimbembeleza, alimtisha, alimnyima sukari, hakumeza. Mimi nilimlea, nikamsomesha kwa sindano na uzi, hakunimezea hata kimoja. Hata siku moja hakufikiria kwamba labda ningefurahi. Na huyu, kwa sababu alitoka jikoni na glovu za maua uso unang'aa, amemmezea biringanya tangu wamefunga ndoa.

Tukatazamana, wifi na mimi, juu ya sahani ya yule bwana. Yeye ananionea wivu kwa kile kilichosogezwa, mimi namwonea kwa kile kilichomezwa.

"Shemeji," mume wangu akamwambia mdogo wangu kwa upole, "kula matunda."

Mdogo wangu hakula matunda. Alichungulia kwenye sahani yake, akakiona kipande cha biringanya kilichobaki chini ya nyanya, akakitoa kwa ncha ya uma. Akakaa nacho. Maskini, hakujua akimeze au akisogeze, na akikisogeza, akisogeze upande gani. Nilimwona akitokwa na jasho.

Uma ulikuwa mkononi mwangu. Kipande kilikuwa karibu na mimi kuliko na mkewe, na mkono wangu una uzoefu. Ningewahi.

Wifi alinyoosha wake. Hakuwa ameshazoea, alikichoma vibaya, kikamponyoka, akakichoma tena, akakitia kwake bila kumtazama mtu. Nilimwacha. Ilinigharimu, sitasema haikunigharimu, lakini nilimwacha, na mdogo wangu akaachia pumzi kubwa, akaendelea na zukini.

"Ukipanga, vibane," nikamwambia wifi. "Visimamishe, halafu ongeza kipande hata ukiona vimetosha. Mboga hurudi, kama pamba."

"Kama pamba," akarudia. Alikuwa anatafuna biringanya la mumewe polepole. "Ahsante, wifi. Jumapili njooni kwetu, nitajaribu hivyo. Sitatia biringanya tena, nitabadilisha na viazi."

"Tia," nikasema.

"Lakini yeye hali."

"Tia, wifi. Usipotia, mimi nije kufanya nini?"