Vitambaa vya Njano Mia Mbili

"Hivi Mama Fundi, ile vita ilianzia wapi hasa?" jirani muuza mkaa aliwahi kumuuliza, maana yeye alihamia mtaani bunduki zilipokwisha kunyamaza. Kabla fundi hajafungua mdomo, wateja wawili walishadakia: bombani. Wasichana wawili waligombea zamu ya ndoo, mmoja wa huku, mwingine wa kule, kaka zao wakaingilia, mji ukawaka.

Mama Fundi alitunga uzi kwenye sindano. Msichana wa huku alikuwa binti yake. Mwaka wa tisa huu binti anateka maji alfajiri watu wasimwone, na wachumba wakisikia ni yeye, ghafla wanakumbuka wana safari.

Mama alifunga, akasali, akimwomba Mungu amwondolee kinyongo. Hakikutoka.

Basi Mwenyekiti wa mtaa alipoagiza koti lake lipunguzwe, fundi akamwambia aje Jumamosi saa kumi. Saa hiyohiyo alimpangia mwalimu mkuu aje kuchukua sare.

"Nibane kiunoni, mama," alisema Mwenyekiti. "Jumatatu nawasomea watoto kijitabu changu cha chanzo cha vita. Nisionekane nimevaa gunia."

"Simama wima, baba." Akaanza kumbana kwa pini. "Kinasema ilianzia wapi?"

"Si bombani? Ila binti yako sijamtaja. Nimeandika tu 'binti wa fundi cherehani'. Mafundi wako wengi."

"Mtaa huu yuko mmoja," alisema mwalimu mkuu, akihesabu sare.

Mama Fundi alitoa kwenye droo ya cherehani daftari la vipimo. Kila kazi ilikuwa na ukurasa wake: tarehe, kipande cha kitambaa kilichochomekwa pini, na sahihi ya mteja mwenyewe, asije akakikana kitambaa chake. Akampa mwalimu.

"Soma, mwalimu. Macho yangu yamechoka."

"Vitambaa vya kufunga mkononi, mia mbili, vya njano. Vya michezo ya shule. Vimechukuliwa tarehe tatu Machi, mwaka ule wa vita. Sahihi ni yako, Mwenyekiti." Mwalimu akainua uso. "Michezo gani? Mimi nilikuwepo."

"Iliahirishwa," alisema Mwenyekiti.

"Ndoo iligombewa Juni, baba," alisema Mama Fundi. "Siku ya pili yake vijana wakaja kumchukua mume wangu, asirudi tena, wote wamefunga njano mkononi. Nililijua pindo langu. Nashona mara mbili, lisifumuke. Nilishona mwenyewe, nikafurahia kazi kubwa. Hilo nitalijibu kwa Mungu. Lako lijibu hapa."

Mwenyekiti alimtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa anaisogeza ile sahihi karibu na dirisha.

"Jumatatu utakuja kuwasomea ukurasa huu, mama?" aliuliza mwalimu.

"Nitakuja. Na binti yangu atakaa kiti cha mbele." Akachukua pini nyingine. "Geuka, baba, nimalizie upande wa pili."

Mwenyekiti hakugeuka. Alitoka mlangoni, pini zikiwa bado zimemkaa kiunoni.