Soli ya Kushoto

Mjukuu wangu Mbaluka ana jina la babu yake, na kwetu Wakamba mjukuu wa namna hiyo ni mume wa nyanya yake, susu yake kwa lugha yetu. Ni utani, lakini si utani tu. Tangu akitambaa nilimwita mume wangu, na alipopata akili akaanza kuniuliza mbona chakula kimechelewa, eti atanirudisha kwetu Machakos na mbuzi wake wadaiwe. Tulicheka hivyo miaka na miaka.

Babu yake alikufa mwaka wa 1991, kwa mvua ya Aprili. Alikuwa anabeba mikebe ya maziwa kwa baiskeli, ile nyeusi nzito, kutoka maboma ya Wamaasai upande wa Isinya mpaka hoteli za Kajiado. Breki ziliisha zamani na hakuweka zingine. Akitaka kusimama aliinua mguu wa kushoto akabana tairi la mbele kwa soli ya kiatu. Wanaume wengi walifanya hivyo. Siku hiyo soli ilikuwa na maji, ikateleza, mguu ukaingia kwa spoki, katika ule mteremko mrefu kabla ya Kajiado. Waliomkuta walisema maziwa yalikuwa bado yanatiririka kwa lami.

Sasa mwaka wa 2003 kukatangazwa mashindano ya baiskeli, kutoka Kitengela mpaka Kajiado na kurudi kwa njia ya vilima. Mbaluka alikuwa na miaka ishirini na nne, anachonga mawe kwa machimbo hapa Kitengela, na akanunua baiskeli ya gia ya mitumba. Sikumkataza. Mtu hawezi kumkataza mwingine barabara kwa sababu ya kaburi.

Alifanya mazoezi kwa njia yake. Kila Jumamosi asubuhi alifunga jiwe moja la kujengea kwa karia ya nyuma, akapanda ule mteremko, akashuka, akapanda tena, mara nane. Alisema siku ya mashindano, jiwe likitoka, atakuwa kama mtu asiye na mwili. Mimi nilipanda gari nikamngoja juu, kwa kibanda cha Nailantei anayeuza maziwa na chai, niko na chupa yangu ya uji wa wimbi. Nailantei ni mjane kama mimi. Marehemu mume wangu alichukua maziwa kwa ng'ombe zao.

Jumamosi moja ya Julai ukungu ulishuka mpaka tukawa hatuoni barabara. Mbaluka alikuwa huko chini na alikawia. Nilisimama ukingoni, nikaogopa, nikaita kama nilivyozoea kuita nyumbani: "Mbaluka! Mume wangu, njoo, twende nyumbani."

Alitoka kwa ukungu anasukuma baiskeli, anatweta. Nyuma yake nilisikia mikebe ya maziwa ikigongana, polepole, kama ya mtu anayepanda kwa miguu. Ikafika pale tulipo, ikanyamaza. Nailantei alikuwa ameshika vikombe viwili. Akaongeza cha tatu, kisha akakiangalia kama mtu asiyejua ni nani amekiweka.

Wiki iliyofuata Wanyoike, fundi wa baiskeli pale karibu na steji ya matatu, aliniita nikipita. Alikuwa na viatu vya Mbaluka mkononi, alivyoviacha hapo pamoja na baiskeli. Akaniuliza huyu kijana wangu anakimbia na mguu mmoja ama. Soli ya kulia ilikuwa nzima. Ya kushoto ilikuwa imeliwa katikati, mfereji mweusi wa mpira, upana wa tairi. Akanionyesha pia raba za breki: mpya, hazijakwaruzwa. Nilimuuliza Mbaluka jioni hiyo akila. Akasema, "Natumia breki, Susu, si ndiyo maana nilizinunua." Hakuwa anadanganya. Namjua akidanganya, huwa anashika sikio.

Kisha akasukuma sahani, akatazama mlango, akasema kwa sauti nzito isiyo yake, "Maziwa ya mama Nailantei yachemshwe leo, yataharibika." Akaendelea kula. Nilipomuuliza amesema nini, akasema hajasema kitu.

Sasa nitasema lile ambalo sikumwambia hata pasta. Wiki tatu nilijua ni nani amerudi na nikanyamaza, kwa sababu nilifurahi. Asubuhi nikikoroga uji nilisikia mikebe uani, ikiegemezwa ukutani pale pale ilipokuwa ikiegemezwa zamani. Nilikuwa nimekaa miaka kumi na miwili na nyumba iliyonyamaza. Niliendelea kumwita mjukuu wangu mume wangu, na kila nilipoita, kiatu kiliisha kidogo. Nilinunua viatu vipya. Navyo vikaliwa, kushoto tu.

Zilipobaki siku mbili kabla ya mashindano, Nailantei alinikalisha chini. Hatukusalimiana sana, takwenya na iko za Kimaasai, basi. Akaniambia ameona Jumamosi jinsi kijana anavyoshuka. Anaachilia breki zote, anainua mguu.

"Anashuka na mwendo gani siku ya mashindano?" akauliza.

Nikamwambia, mwendo wa gari.

"Basi, koko," akasema, akiniita nyanya kwa Kimaasai, "wewe ndiye ulimwita marehemu. Mwambie aende. Mimi nikimwambia hatanisikia, sikuwa mke wake."

Nilienda peke yangu, saa nane mchana, jua limesimama. Nilimwaga maziwa kidogo kwa ukingo wa lami, mahali penyewe alipoangukia. Nilimwambia Mbaluka wa kwanza, marehemu, kwamba niliita kwa makosa, nilikuwa natafuta mtoto. Nilimwambia huyu si wewe, mguu wake ni wake. "Wewe ulishafika. Mimi bado niko njiani, nitakuja kwa wakati wangu." Maziwa hayakuingia ardhini. Yalikaa juu ya vumbi, meupe, muda mrefu sana kwa jua lile.

Jioni nikamwambia mjukuu wangu kwamba kuanzia leo mimi ni Susu peke yake. Akacheka, akauliza kama nimepata mwanaume mwingine huko Kimana mwenye shamba la vitunguu. Aliponiona sicheki, akainama akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Siku ya mashindano tulikaa mimi na Nailantei katikati ya mteremko. Walishuka kundi, kama ndege, na sauti ya cheni. Nilimwona Mbaluka, wa tano au wa sita, kichwa chini. Halafu mguu wake wa kushoto ukatoka kwa pedali. Ukainuka polepole, kama mguu wa mtu aliyelala, ukaelekea tairi.

Jina lilinijia mdomoni lenyewe. Ningeliita angeinua macho, nilijua hivyo, lakini nilijua pia ni nani mwingine angeitika. Nilifunga mdomo kwa mikono miwili. Soli ilikuwa imebakisha upana wa kidole kugusa tairi. Mguu ukatetemeka pale hewani, ukatetemeka, na nikaona usoni kwake ameshtuka, ameuona mguu wake mwenyewe. Akaurudisha. Breki zikalia. Wanne wakampita, mmoja akimtukana, naye akapinda kona akiwa mzima na akaenda.

Nailantei akashusha pumzi. Akaniuliza kama amepita salama, nikaitikia kwa kichwa.

Waliobaki nyuma wakapita, na gari la msalaba mwekundu likapita, na barabara ikawa tupu. Ndipo nikasikia mikebe ikishuka, bila haraka, ikasimama karibu nami kabisa. Harufu ya maziwa na jasho la baiskeli, ile ninayoijua. Alikuwa anangoja nimwambie neno, hata moja. Nailantei alinishika mkono akakaza. Mimi nimezoea kungoja kuliko yeye. Sikuondoa mikono mdomoni mpaka kivuli cha jiwe la kilomita kilipofika miguuni kwangu, na ile mikebe ikaanza tena, kuelekea Kajiado, ikipungua, ikipungua.